Livingstone na siku 80 za donda ndugu

KATIKA vijiji vya Magindu, na katika vijiji vingine vingi vya Kibaha na Kisarawe, mguu ndio chombo cha kwanza cha riziki. Mkulima huendea shamba kwa miguu, mchungaji hufuata mifugo kwa miguu, na mama huteka maji kwa miguu. Mguu mmoja ukipata kidonda, riziki ya nyumba nzima huchechemea pamoja nao. Ndiyo maana Ijumaa ya leo tumeona tuwasimulie wasomaji wetu maisha ya mtu ambaye jina lake walilifahamu tangu wakiwa shuleni, ila sehemu moja ya maisha yake haisimuliwi mara kwa mara. Nayo ni habari ya vidonda vya miguu vilivyomlaza kibandani kwa siku 80, katika nchi ya Manyema, akiwa mgeni wa mfanyabiashara Mwislamu. Mtu huyo ni David Livingstone.

Huenda baadhi ya wasomaji wakajiuliza ni kwa nini ukurasa wa Ijumaa umzungumzie mmisionari wa Kikristo. Jibu letu ni kwamba habari zake za miaka ya mwisho haziwezi kutenganishwa na habari za Waislamu wa mwambao waliokuwa wakisafiri bara. Hao ndio waliompokea, wakamlisha, na alipougua wakambeba. Katika habari hizo limo la kujivunia, na limo pia la kututia haya. Mwenye kuisoma historia kwa insafu hana budi kuyataja yote mawili.

Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji mdogo wa Blantyre, nchini Uskochi, katika familia maskini. Alipotimiza umri wa miaka kumi aliingizwa katika kiwanda cha nyuzi za pamba, akawa anafanya kazi tangu alfajiri hadi saa mbili za usiku, kisha ndipo huenda darasani. Kwa akiba ya mshahara wake alijisomesha utabibu mjini Glasgow, na mwaka 1840 akapata hati ya udaktari. Mwishoni mwa mwaka huo alipanda meli kwenda kusini mwa Afrika. Ikumbukwe basi kwamba kabla ya kujulikana kuwa msafiri, mtu huyu alikuwa tabibu. Jambo hilo lina uzito wake katika kisa tunachokieleza.

Mwaka 1844 alishambuliwa na simba, akavunjwa mfupa wa mkono wa kushoto karibu na bega, na mfupa huo haukuunga sawasawa maisha yake yote. Kati ya mwaka 1854 na 1856 alilikatiza bara kutoka Luanda, upande wa magharibi, hadi Quelimane, upande wa mashariki, na katika safari hiyo akayaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya mwaka 1855. Kuanzia 1858 hadi 1864 aliongoza msafara katika Mto Zambezi, na humo akafiwa na mkewe Mary mwaka 1862. Alipoianza safari yake ya mwisho alikuwa mtu wa makamo, mwenye mwili uliokwisha kuchoshwa na homa nyingi.

Safari hiyo ya mwisho ilianzia kwetu. Aliwasili Unguja mwezi Januari 1866, akapokewa na Sayyid Majid bin Said, aliyempa barua ya kumtambulisha kwa raia wake waliokuwa bara. Mwezi Machi akateremka Mikindani, akaingia bara kwa kuufuata Mto Ruvuma. Nia yake ilikuwa kutafuta chanzo cha Mto Nile na kuzichunguza habari za biashara ya watumwa. Miongoni mwa aliofuatana nao walikuwamo vijana wawili ambao majina yao yatarudi mwishoni mwa makala haya, nao ni Abdullah Susi na James Chuma.

Mwezi Januari 1867 msiba ulimfika. Watu wawili katika msafara walitoroka na mzigo uliokuwa na sanduku lake la dawa. Kwa tabibu aliyejua vyema homa za nchi, hasara hiyo ilikuwa kama kusomewa hukumu ya kifo. La kushangaza ni kwamba mwaka huohuo wa 1867, mjini Glasgow, pale pale alipojifunzia utabibu, daktari mpasuaji Joseph Lister alitangaza njia yake mpya ya kuosha na kufunga vidonda kwa dawa ya kuua vijidudu. Elimu ambayo baadaye ingeliokoa miguu ya maelfu ya watu ilizaliwa wakati mwanafunzi wa zamani wa mji huo yumo porini hana hata kidonge.

Tangu hapo maisha yake yalishikwa na Waislamu wa misafara. Mwaka 1867 alikutana na Hamed bin Muhammad, ambaye watu humjua zaidi kwa jina la Tippu Tip, akasaidiwa naye. Baadaye akaungana na msafara wa Muhammad bin Gharib, ambaye katika daftari zake alimwandika Bogharib. Mwanzoni mwa mwaka 1869 Livingstone alipatwa na ugonjwa mkali wa mapafu, hata hakuweza tena kutembea. Muhammad bin Gharib aliamuru atengenezewe machela, na wapagazi wakambeba, leo hadi kesho, mpaka ziwani Tanganyika. Aliingia Ujiji tarehe 14 Machi 1869 akiwa hai. Methali yetu humtaka mgeni aje ili mwenyeji apone, lakini safari hii aliyehitaji kuponywa alikuwa mgeni mwenyewe.

Alipopata nguvu alivuka ziwa, akaelekea Manyema pamoja na Muhammad bin Gharib, na mwezi Septemba 1869 wakafika Kabambare, katika nchi ambayo leo ni mashariki ya Kongo. Shauku yake ilikuwa kuufikia Mto Lualaba. Mwishoni mwa Juni 1870 alitoka Kabambare akiwa na watu watatu tu, wakiwamo Susi na Chuma, kwani wengine walikwisha kumkimbia. Njia ilikuwa ya matope na mito, na majani yenye kukata. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake miguu ilimgomea. Vidonda vilichipuka, na badala ya kupona kama alivyozoea, vikaanza kula nyama. Tarehe 22 Julai alirejea Kabambare akichechemea, akaingia kibandani.

Maradhi hayo ndiyo ambayo Kiswahili huyaita donda ndugu. Livingstone alikuwa na madonda matatu. Akiutia mguu chini, majimaji yenye damu humwagika. Usiku maumivu huzidi, naye usingizi asiuone. Aliandika, kwa jicho la tabibu, kwamba madonda ya namna hiyo hula nyama, yakala kano, yakafika mfupani, na kwamba yasipoua humwacha mtu kiwete wa kudumu.

Dawa zilizojaribiwa zinatuonyesha kwamba watu wa wakati ule hawakuwa wajinga. Waarabu na Waswahili wa misafara walikuwa wakichanganya nta ya nyuki na mrututu, wakapaka mchanganyiko huo ukiwa wa moto na kuufunga kwa kitambaa. Wenyeji wa Manyema walikuwa wakilifunika donda kwa jani gumu au kipande cha kibuyu. Livingstone aliona kwamba kila njia ilikuwa na faida yake na taabu yake, kwani kufunga huliegemeza donda, lakini uchafu wake nao unahitaji kutoka. Mwishowe akatumia malakaiti, yaani jiwe la kijani lenye madini ya shaba. Alilisaga kwa maji juu ya jiwe jingine, akapaka maji yake kidondani kwa unyoya wa ndege. Hiyo ndiyo dawa pekee aliyoiona kumletea nafuu.

Leo twaweza kuieleza sababu. Mrututu una shaba, na malakaiti ina shaba, na shaba huua vijidudu. Donda ndugu huanzia katika mchubuko mdogo, aghalabu chini ya goti, kisha vijidudu vya aina kadhaa huingia kwa pamoja. Hushika zaidi kwa mtu asiyevaa viatu, anayeishi penye joto na unyevu, na ambaye mwili wake umedhoofishwa kwa njaa au maradhi. Livingstone alikuwa na mengi katika hayo. Hata hivyo, tusidhani kwamba unyoya na jiwe la kijani vilifanya kazi peke yao. Alilala. Kwa siku 80 hakuutembelea mguu ule, na hiyo ilikuwa nusu ya tiba, kama si zaidi. Tarehe 10 Oktoba 1870 alitoka kibandani kwa mara ya kwanza, baada ya homa kumwongezea siku 20 za mateso ya mwisho, na baada ya maradhi ya kuhara yanayofanana na kipindupindu kuua watu mjini hapo.

Ili mtu alale siku 80 yatakiwa mtu mwingine alime, apike, ateke maji na alinde. Katika kambi ile Livingstone aliipata neema hiyo. Alikuwa na akina Susi wa kumhudumia, na alikuwa na mwenyeji mwenye chakula na heshima. Muhammad bin Gharib alijua kwamba mgeni wake aliichukia biashara ya utumwa na kwamba alikuwa akiandika habari zake, lakini hakumnyima himaya yake. Huo ni ukarimu ambao Waislamu wa mwambao walilelewa nao, nasi tunautaja kwa fahari.

Lakini daftari hilohilo lataja sauti nyingine. Livingstone aliandika kwamba katika kambi za watumwa, mojawapo ya sauti za usiku ni kilio cha wenye madonda kama yake. Donda lilikuwa lilelile, na miguu ilikuwa ileile ya binadamu. Tofauti ni kwamba mtumwa hakuwa na siku 80. Kulipopambazuka alinyanyuliwa akatembezwa, pengine na kongwa shingoni au pembe ya ndovu begani, na donda lake likala zaidi. Muhammad bin Gharib, aliyembeba mgeni wake kwa machela, alikuwa naye ni mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Hatuwezi kuusifu mkono uliombeba mmoja tukaufumbia macho ulipowaswaga wengine. Wote hao walikuwa waja wa Mungu mmoja, na wema wetu hupimwa kwa namna tunavyomtendea asiye na barua ya Sultani.

Tuendelee na maisha yake. Februari 1871 aliondoka Kabambare, akaufikia Lualaba huko Nyangwe. Tarehe 15 Julai 1871 alishuhudia watu wa misafara wakiwafyatulia risasi wenyeji waliokuwa sokoni, wengi wao wanawake, na mamia wakafa kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Alirudi Ujiji mwezi Oktoba akiwa hoi, akakuta mali yake imekwisha kuuzwa, na haukupita muda Henry Morton Stanley akamfikia. Habari za Nyangwe zilipofika Uingereza zilizidisha shinikizo dhidi ya biashara ya watumwa, na mwezi Juni 1873 Sayyid Barghash alitia saini mkataba ulioyafunga masoko ya watumwa. Livingstone hakuupata ujumbe huo. Alikwisha kufariki mwanzoni mwa Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, kwenye nchi ambayo leo ni Zambia.

Hapo miguu mingine ikachukua zamu. Susi, Chuma na wenzao waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miezi mingi hadi pwani. Njia ya misafara kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo ilikatiza nchi ya Wakwere, jirani kabisa na Magindu yetu ya leo. Walifika Bagamoyo mwezi Februari 1874. Huko London mwili ulitambuliwa kwa mfupa ule wa mkono uliovunjwa na simba, na tarehe 18 Aprili 1874 ukazikwa katika kanisa kuu la Westminster. Jina lililoandikwa juu ya kaburi ni moja, ingawa miguu iliyomfikisha hapo ilikuwa ya wengi.

Baada ya zama za wapagazi ikaja reli. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, na mwaka 1907 ikafika Morogoro baada ya kupita Magindu. Penisilini nayo iligunduliwa mwaka 1928. Donda ambalo Livingstone alilipaka maji ya jiwe kwa unyoya, leo hutibiwa kwa kuoshwa vizuri, kwa dawa za kuua vijidudu, kwa kufungwa bendeji safi, na kwa kuinua mguu. Zahanati inaweza kuanza tiba hiyo, na kinachoishinda hupelekwa hospitali ya Tumbi, Kibaha, au Muhimbili.

Pamoja na hayo yote, watu bado hupoteza miguu, na sababu kubwa ni kuchelewa. Mtu hujichoma na kisiki, akasema kitapona chenyewe. Wiki ya pili humimina unga wa kapsuli za rangi mbili, wiki ya tatu majivu, na mwezi unaofuata huja hospitali kidonda kikiwa kimekwisha kugusa mfupa. Kumimina unga wa dawa ndani ya kidonda si tiba, na tunawatahadharisha pia wasomaji wasije wakayaiga haya ya mrututu na malakaiti, kwani ni sumu. Aidha, donda likikaa miaka mingi bila kupona huweza kugeuka saratani.

Lipo pia jambo ambalo zama za Livingstone hazikulijua vizuri, nalo ni kisukari. Maradhi haya hufisha hisia za miguu na kupunguza damu inayofika vidoleni. Mgonjwa huweza kukanyaga msumari asihisi, akaja kuuona mguu umeoza. Ukoma nao hufisha hisia kwa namna yake. Katika miaka ya 2000 wataalamu wa Muhimbili walishiriki katika mradi wa kuwafunza madaktari na wauguzi wa mikoani namna ya kuitunza miguu ya wenye kisukari. Mafunzo yenyewe si magumu. Miguu iangaliwe kila siku, ikaushwe katikati ya vidole, viatu vikaguliwe ndani kabla ya kuvaliwa, mtu asitembee peku, na kidonda chochote kipelekwe kwa mganga wa zahanati mapema bila kungoja maumivu.

Kwa Mwislamu, hili la kuangalia miguu lina mlango wake. Mara tano kwa siku yeye hutawadha, na kuosha miguu pamoja na vifundo vyake viwili ni faradhi. Anayeosha kwa kutazama, akapitisha vidole kati ya vidole na kugeuza unyayo, hatapitwa na mchubuko. Akishamaliza na akausha vizuri, atakuwa ameulinda mguu wake. Na mwenye kidonda kilichofungwa asije akafungua bendeji kila sala kwa kudhani ndiyo uchamungu. Sheria imeweka nafasi ya kupangusa juu ya bendeji na ya kutayamamu, kwa utaratibu ulioelezwa na mafakihi. Amuulize mwalimu wa msikitini kwake.

Hata hivyo, elimu yote hii haitoshi bila lile lililomponya mgonjwa wa Kabambare. Mkulima wa Magindu anapoambiwa na mganga apumzishe mguu kwa mwezi mzima, naye mvua zimeanza, ameandikiwa dawa isiyouzwa dukani. Ataipata wapi, kama si kwa jirani atakayempalilia, kijana atakayempakia kwenye pikipiki siku ya kufunga bendeji, na jamaa watakaochanga nauli ya Tumbi? Kumtembelea mgonjwa ni katika haki zake juu yetu. Lakini ziara ya mwenye donda la mguu isiishie kwenye salamu na dua mlangoni. Tuingie na jembe begani.

Tukiondoka msikitini leo, tumtazame anayechechemea katika safu zetu. Tumuulize kidonda kina siku ngapi, na mzigo wake wa kesho ataubeba nani. Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie kuwa miongoni mwa wabebao. Wabillahi tawfiq.